Nabadilishiwa utaratibu, najua kwa kukaripiwa: jibu kwa muuguzi wa Kasulu

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi, kwetu ni Mwanga mkoani Kilimanjaro, na huu ni mwaka wangu wa pili katika kituo cha afya upande wa Kasulu kinachohudumia wenyeji na wakimbizi. Wafanyakazi ni mchanganyiko: Waha ndio wengi, wapo Wasukuma, Wahehe na sisi wa Kaskazini, wapo madaktari wawili kutoka nje ya nchi, na wapo Wakongomani na Warundi wanaolipwa posho kutafsiri na kusaidia wodini. Mkutano wa asubuhi unaendeshwa kwa Kiingereza kwa ajili ya hao madaktari, na wahudumu wanakaa kimya mpaka uishe. Tukitoka, wenyeji wanazungumza Kiha na wakalimani wa Kirundi, wanaelewana, wanacheka, nami sijui kama wanapanga kazi au wananisema. Maamuzi mengine nayakuta kwenye grupu la WhatsApp nikiwa nimeshaingia zamu. Wiki iliyopita utaratibu wa kupokea watoto wenye utapiamlo ulibadilishwa, nikaujua kwa kukaripiwa mbele ya mama wa mtoto. Niombe Kiha kipigwe marufuku wodini, au niombe uhamisho?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Uhamisho tuuweke kando kwanza. Na hiyo marufuku usiiombe. Najua hilo halitakupendeza, ila nisikilize.

Barua yako ina maumivu mawili yaliyofungwa fundo moja. Wenzako wakicheka kwa Kiha unajiona mpweke, na upweke huo ni wa kweli, sikudharau. Lakini kilichokufanya ukaripiwe mbele ya mzazi hakikuwa Kiha. Watu wachache walibadilisha utaratibu, wakautangaza kwenye simu, na tangazo likakukuta umelala baada ya zamu ya usiku au bando limekwisha. Kituo chenu kingekuwa cha Wapare watupu, siku ile bado ungekaripiwa. Watu wanaofanya kazi pamoja na lugha zao ni tofauti huwa wepesi wa kuitupia lugha lawama, kwa sababu ndiyo inayosikika. Njia ya taarifa haisikiki: nani anaambiwa, anaambiwa lini, na anaruhusiwa kujibu au hapana. Huko ndiko nakuomba uangalie.

Kiha nakitetea kwa sababu ya wagonjwa. Kiha na Kirundi vimekaribiana kiasi kwamba Mha wa Kasulu na Mrundi wanaweza kuketi wakazungumza bila mkalimani. Mama aliyetoka kijijini, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, ataeleza kwa Kiha uchungu ulianza vipi, mtoto aliacha kunyonya lini, na dawa gani ya mitishamba alipewa na bibi yake kabla ya kuja. Ukikifukuza Kiha wodini, unaifukuza na historia ya mgonjwa. Tena nina hakika sehemu ya yale mazungumzo yanayokuudhi pale nje ya mkutano ni kazi. Muuguzi Mha anamuuliza mkalimani yule baba wa kitanda cha mwisho alikataa nini jana. Hapo hakuna ubaya wowote mpaka jibu linapobaki kwao wawili. Kwa hiyo usiombe wanyamaze. Omba kwamba linalomhusu mgonjwa, hata likisemwa kwa Kiha, lirudi kwa Kiswahili kabla watu hawajaachana, na liandikwe kwenye faili. Mengine, ya harusi na mpira na bei ya mawese, waache wacheke kwa lugha yao. Hata wewe ukipigiwa simu na mama yako hutazungumza Kiingereza.

Kwenye hesabu ya nani mgeni, usifanye haraka. Ujiji imejaa Wamanyema ambao asili yao ni ng'ambo ya ziwa. Wabembe wako pande zote mbili za Tanganyika. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imepokea Wakongomani tangu 1996, na Warundi kwa wingi tangu 2015, mwaka ule watu walipojazana Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu na mpaka wa Burundi, kipindupindu kikazuka, na meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini. Ukishuka Tabora utaikuta Ulyankulu, makazi ya Warundi waliokimbia mwaka 1972, ambao wengi wao walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Muuguzi mwenzako wa huko anaweza kuwa na bibi Mrundi na cheti cha kuzaliwa cha Tanzania. Mikoa hii miwili, Kigoma na Tabora, imezoea kuchanganyika kuliko unavyodhani. Haijazoea mikutano mirefu ya Kiingereza.

Sasa tuuingie mkutano huo. Naelewa ulivyoanza. Masomo yetu ya afya yanafundishwa kwa Kiingereza, mafaili yanaandikwa kwa Kiingereza, na madaktari wawili hawana Kiswahili cha kutosha, basi kila mtu akaona ni adabu kuwafuata. Lakini mhudumu wa wodi anayebeba sampuli, anayeosha vyombo na kumgeuza mgonjwa hakupita kwenye masomo hayo. Anakaa dakika arobaini akitazama midomo. Na daktari yule akiuliza mwishoni kama kila mtu ameelewa, vichwa vinatikiswa kukubali, anaondoka ameridhika. Kwao alikotoka, asiyeelewa hunyoosha mkono. Kwetu mdogo hamwambii mkubwa mbele za watu kwamba hakueleweka, kwani ni kama kumwambia hakueleza vizuri. Kila upande unatumia adabu yake, na mtoto wa wodini ndiye anayekosa maziwa yake ya tiba ya usiku. Uwahurumie kidogo na hao madaktari. Wanafanya kazi katika chumba ambamo hakuna anayewapinga hata wakikosea kipimo, na mtu akiwa katika hali hiyo hawezi kujua ameachwa peke yake.

Dawa ya mkutano ni kugeuza mzigo. Uendeshwe kwa Kiswahili, na mtu mmoja mwenye Kiingereza kizuri aketi kati ya madaktari wale wawili awanong'oneze. Ni afadhali wawili watafsiriwe kuliko wengi wakae gizani. Uongozi ukikataa, basi dakika tano za mwisho ziwe za Kiswahili, na zijibu mambo matatu tu: kilichobadilika, nani anakifanya, kuanzia lini. Badala ya kuuliza nani ana swali, mwenyekiti amwombe mtu mmoja, kwa jina, arudie kazi yake ya siku ile. Leo mhudumu, kesho tabibu, keshokutwa daktari mwenyewe, ili isionekane ni mtihani wa wadogo.

Wapo watakaokwambia haya ni mambo ya semina. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika hospitali za miji 8: Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na Ifakara yetu. Walichoongeza katika chumba cha upasuaji ni karatasi moja ya maswali yanayosomwa kwa sauti kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa. Moja ya mambo yaliyomo ni kila aliyemo chumbani kutaja jina lake na kazi yake. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Sisemi majina peke yake ndiyo yaliyowaokoa watu, karatasi ile ina mengi, kuanzia antibiotiki hadi kuhesabu vitambaa. Lakini mtu ambaye sauti yake imeshasikika mara moja chumbani haoni taabu kuitoa tena akiona jambo linaharibika.

Hofu ya kusema ina sura nyingine inayowachanganya wakubwa wetu. Mtafiti wa Kimarekani Amy Edmondson, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1996, alizitazama wodi akitarajia kwamba zenye uongozi mzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Akakuta zinaripoti makosa mengi zaidi. Wauguzi wa wodi hizo hawakuwa wazembe kuliko wengine, walikuwa hawaogopi kusema. Mfawidhi anayejisifu kwamba wodi yake haina kosa hata moja lililoandikwa mwaka mzima, mimi naanza kumwonea shaka hapo hapo.

Kuhusu kuongea na daktari, hukuniuliza moja kwa moja, lakini naisikia katika barua. Muuguzi wetu akiwa na mgonjwa mbaya usiku anapiga simu hivi: "Daktari shikamoo, samahani kwa usumbufu, yule mama aliyejifungua, naona kama hayuko vizuri sana." Daktari yuko usingizini, tena ni wa lugha nyingine, anasikia kwamba mama hayuko vizuri sana, anajibu endelea kumwangalia. Kila mmoja amekuwa mpole na damu inaendelea kutoka. Sasa sikiliza hii: "Daktari, ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Mama wa kitanda cha 4 anatoka damu nyingi, khanga ya tatu imelowa. Amejifungua saa moja iliyopita, ni uzao wa sita, kondo lilitoka lote. Presha 80 kwa 50, mapigo 128. Naona ni kuvuja damu baada ya kujifungua, oksitosini nimeshampa na dripu inakwenda. Naomba uje sasa hivi, na maabara waandae damu." Ina vipande vinne: kinachotokea, kilichotangulia, ninavyoona, ninachoomba. Mpangilio huo ulitoka kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani, na watu wa Kaiser Permanente huko Colorado wakauingiza hospitalini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nyambizini ofisa mdogo naye huona haya kumwambia mkubwa wake la kufanya, ndiyo maana wakatengeneza mahali maalumu pa kusemea.

Kipande kinachotushinda ni cha nne. Vitatu vya kwanza muuguzi yeyote atavitaja, lakini kumwambia daktari "naomba uje" kunaonekana ni kumpa amri. Ndiyo maana haitoshi mmoja ajifunze peke yake, itaonekana ni kiburi cha Mpare. Mganga mfawidhi atangaze mbele ya wote kwamba simu ya usiku isiyo na ombi mwishoni haijakamilika. Hapo adabu inabaki mahali pake: shikamoo itolewe, na ombi litolewe. Naye daktari akitoa agizo kwa simu, muuguzi alirudie neno kwa neno na kipimo chake kabla ya kukata.

Saa nazo ziangalieni. Mtoto wa malaria kali anachomwa artesunate akipokelewa, kisha saa 12 tangu kupokelewa, kisha saa 24 tangu kupokelewa. Daktari kutoka nje anasema sindano ya pili ni saa 8 usiku, kwa hesabu yake, yaani yetu ya saa mbili. Muuguzi anasikia saa nane. Mtoto anachelewa saa 6 na hakuna aliyefanya uzembe. Kwenye chati andikeni 20:00, na anayekabidhi zamu aseme kwa sauti "saa mbili usiku". Hili halihitaji kikao wala bajeti.

WhatsApp nitaipitia haraka kwa sababu jibu lake ni fupi. Grupu ni la kukumbushana. Haliwezi kuwa mahali uamuzi unapozaliwa, kwa kuwa wapo wasio na simu janja, wapo waliolala, na ujumbe wa utaratibu mpya unazama chini ya picha za kipaimara. Uamuzi wowote unaobadilisha namna ya kumhudumia mgonjwa uandikwe kwenye kitabu cha maagizo cha wodi, na kila anayeingia zamu asome na kusaini. Kisha, ukitaka, piga picha ukurasa ule utume. Picha za wagonjwa na majibu yao ya vipimo zisiende huko kabisa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, na grupu lina watu walioacha kazi zamani bado wanasoma.

Sasa nina swali kwako, mwanangu. Wale wakalimani Warundi na Wakongomani unaowaona wakicheka na Waha, wamo kwenye grupu lenu? Wanaingia ripoti ya asubuhi? Katika barua yako umewataja mara mbili, na mara ya pili ni kama sauti usizozielewa, kwa hiyo nadhani jibu ni hapana. Basi wao wanaambiwa mambo baada yako. Mkalimani anashinda na mgonjwa kuliko daktari. Yeye ndiye anayemwambia mama kwamba mtoto atachomwa mgongoni kuchukuliwa maji, na mama akikataa yeye ndiye anayejua kwa nini. Lakini hana kiti, hana ripoti, posho yake ni ndogo, na watu humwita kwa kupiga kidole. Akitafsiri vibaya analaumiwa kwa maneno ambayo hakuna aliyemweleza kwanza. Wengine walikuwa wauguzi au walimu kabla ya kuvuka mpaka, na sasa wanasikia wakiambiwa "mwambie huyo" na mtu aliyemaliza chuo juzi.

Hapo ndipo unapoweza kuanza bila kuomba ruhusa kubwa. Kabla ya kwenda naye kwa mgonjwa, simama naye dakika mbili kando. Mweleze unataka kujua nini na utamwambia nini mgonjwa. Mkitoka, muulize: kuna kitu amesema ambacho hukunitafsiria? Swali hilo litakufungulia mambo ambayo hakuna mkutano utakaokupa. Na jioni ukimsikia anaongea Kiha na inchaji wako, msimamizi wa wodi, hutadhani unasengenywa, kwa sababu mtu mmoja katika mazungumzo hayo atakuwa mwenzako.

Kiha chenyewe jifunze. Anza na salamu, maana Waha hawaipitii salamu mbio mbio, kisha maneno ya wodini: maumivu, kula, kuhara, tangu lini. Lakini usikubali mtu akuambie kwamba mpaka ujue Kiha ndipo utaambiwa utaratibu wa kazi. Kujifunza lugha ni hisani yako kwa wagonjwa. Kuambiwa utaratibu ni haki yako ya kazi.

Kwa inchaji wako nenda peke yako, mchana wa utulivu, wala si siku ya hasira. Usimwambie "mnanibagua", kwa sababu atajitetea na mazungumzo yatakufa hapo. Mpelekee visa viwili vya wagonjwa, kimoja kikiwa kile cha utapiamlo: utaratibu ulibadilika siku fulani, mimi niliujua siku fulani, katikati watoto kadhaa walipokewa kwa utaratibu wa zamani. Kisha omba vitu viwili tu, kitabu cha maagizo na dakika tano za Kiswahili. Kuhusu kukaripiwa, mwambie kwa upole kwamba utapokea maonyo yoyote ukiwa chumbani kwake, lakini mbele ya mama wa mtoto kunamfanya mama yule asikuamini ukimpa dawa kesho yake. Inchaji mwenye busara atalisikia hilo upesi kuliko habari ya heshima yako.

Atakayesema hakuna muda, mwambie hivi. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa hospitali 9 za Marekani na Kanada zilizowafundisha madaktari wa watoto kukabidhiana wagonjwa kwa mpangilio mmoja, na anayepokea akirudia alichosikia. Makosa ya tiba yalipungua kwa asilimia 23, na muda wa kukabidhiana haukuongezeka kwa maana yoyote. Hospitali zile zina watu na vifaa kuliko ninyi, sawa, lakini kurudia kwa mdomo hakununuliwi.

Miezi miwili au mitatu ikipita na hakuna kilichosogea, andika barua fupi kwa mganga mfawidhi, nakala kwa muuguzi mfawidhi, ukiambatanisha visa vile vile na si hisia. Kama kituo kina baraza la wafanyakazi, mwakilishi wa kada yenu alipeleke huko. Kama umo TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, tawi lenu lipo kwa kazi hiyo. Na ikitokea kweli mtu ananyimwa zamu, mafunzo au taarifa kwa sababu ya kabila lake au alikotoka, hilo si la kitabu cha maagizo tena: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inalikataza, na utakuwa na tarehe zako mkononi. Kwa uliyonieleza hujafika huko. Uhamisho nao usiuombe kabla ya barua hiyo kujibiwa, maana ukiondoka sasa faili lako litaandikwa kwamba ulishindwa kuishi na watu, na kitabu cha maagizo hakitanunuliwa.